Korongoni na Shemeji

Watu wa mjini wakikuambia msituni kuna utulivu, waulize wamefika msitu gani. Pengine ni ule wa miti iliyopandwa kwa mistari, wenye mabenchi na mtu wa kuuza soda. Msitu ulio juu ya Mbale hauna utulivu wowote. Makorongo yake yanakuchukia waziwazi, na mimi nimeyatembea miaka mingi bila kuona dalili kwamba yamenizoea. Jiwe ulilolikanyaga salama wiki iliyopita leo linakuangusha kifudifudi. Upupu umeota palepale unapotaka kushika. Maji ni baridi ya kukata pumzi, ukungu unashuka bila taarifa, na siafu wanapanda suruali kimyakimya mpaka wafike panapouma zaidi ndipo waanze kazi. Na bado napenda kwenda. Sijawahi kudai kwamba nina akili timamu katika jambo hili.

Nimezaliwa Jinja, kwenye nyumba za kambi. Baba alikuwa askari, babu alikuwa askari, na waliomzaa babu walifika nchi hii kutoka Sudan wakiwa na bunduki mabegani. Kwetu Kiswahili ndiyo lugha tuliyoinyonya. Utotoni nilifuata kila mfereji na kila kijito kinachoingia Naili, na mama alinichapa kwa kila kimoja. Nilipokuja Mbale kutengeneza majokofu nilipanga chumba Namakwekwe, mke na watoto wakabaki Budondo, upande wa Jinja, penye shamba letu, na kila nilipopata siku ya mapumziko nilipanda mlimani. Nachagua kijito kimoja, naingia ndani yake kinapotokea kwenye mashamba ya kahawa, nakifuata kwenda juu mpaka maporomoko yanizuie. Halafu natafuta njia ya kuyapita. Wengine siku hiyo wanakunywa pombe, mimi nafanya hivyo.

Mke wangu ni Mgisu, mtoto wa mlima huohuo. Kaka yake ni mwalimu wa sekondari, anaishi Nkoma, hapohapo Mbale, katika nyumba yenye geti, na hanipendi. Dada yake alibadili dini ili kuolewa na mimi, na kwa hesabu zake ni kama nilimteka kwa mtutu. Hajaniita shemeji hata siku moja. Ananiita afande. Sijavaa sare maishani mwangu, bunduki sijui hata inashikwaje, lakini nikiingia kwake anasimama wima sebuleni, anasema, "Karibu, afande," kisha anawageukia wageni wake na kuendelea kwa Kigisu, na wote wanacheka. Nilijaribu kujifunza Kigisu mwaka wa kwanza wa ndoa. Aliyenicheka kuliko wote ni yeye, basi nikaishia kwenye salamu. Mimi na yeye tuliongea Kiganda, au Kiingereza akiwa anataka kunionyesha elimu yake. Kiswahili alikitumia akikasirika tu.

Nami simpendi vilevile, tusidanganyane. Anaongea puani. Anajua kila kitu. Anakula nyama uliyompikia huku akikueleza jinsi ilivyopaswa kupikwa.

Mke wangu ndiye aliyechoka kwanza. Tulikuwa mezani kwa shemeji, na mimi nilikuwa nimetoka kusema kwamba ule mlima naujua kuliko wengi waliozaliwa pale. Shemeji aliweka kijiko chini. Kabla hajafungua mdomo, dada yake alituambia wote wawili kwamba ametuvumilia vya kutosha, kwamba kama ni mlima basi twende huko mlimani wawili, tugombane huko mpaka tumalize, tumwache apumue. Shemeji akasema yuko tayari. Mimi nikasema niko tayari tangu jana. Tulikuwa watu wazima wenye mvi.

Tulipanda boda alfajiri, kila mtu na yake, mpaka barabara ilipokwisha. Nilikuwa na kamba ya katani, panga fupi na chapati. Yeye alikuja na viatu vipya vya ngozi vya kutembelea mlimani, vizuri kuliko vyangu, na mwavuli. Nilitazama ule mwavuli nikajizuia kusema neno, na kujizuia kwenyewe kulinichosha.

Kijito nilichochagua nilikuwa nimekifuata mara moja tu, na nilikuwa nimeishia kwenye maporomoko ya pili. Chini kinapita katika migomba na kahawa, kinaonekana cha upole, wanawake wanafulia ndani yake. Ukiingia msituni kinabadilika tabia. Kingo zinasimama wima pande zote mbili, mbingu inabaki kipande chembamba, na unatembea ndani ya maji kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuweka mguu. Mbega walitupigia kelele kutoka juu. Shemeji alianguka mara ya kwanza kabla hata jasho halijatutoka. Sikumcheka. Nilingoja nianguke mimi, na sikungoja sana, na yeye alicheka.

Maporomoko ya kwanza tuliyapanda pembeni kwa mizizi. Ya pili yana pango nyuma yake, lenye harufu ya popo, na kutoka humo unaweza kujipenyeza juu kwa upande wa kushoto ikiwa huna tumbo kubwa. Shemeji ana tumbo. Nilimvuta kwa kamba, naye akanilaumu kwamba navuta kama navuta ng'ombe. Tulipofika juu tulikula chapati zetu tumepeana migongo.

Kuanzia hapo mianzi ilitawala. Kwenye mchanga mmoja kando ya maji niliona marundo ya maganda mabichi, ya kijani na zambarau. Wagisu wanapenda malewa, yaani machipukizi ya mianzi yanayovunjwa yakiwa machanga, yanakaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Hakuna karamu ya kwao bila malewa. Maganda yale yalikuwa ya siku ileile.

"Kuna watu hapa," nilisema.

"Kuna watu hapa tangu zamani," alijibu kwa Kiingereza, "ila wewe huwaoni."

Nilimkata jicho nikaendelea mbele.

Korongo lilizidi kuwa jembamba. Kulikuwa na gogo lililolala kukatiza maji, limeota kuvu. Nilipita chini yake nikilowana mpaka kifuani. Yeye akaona afadhali apite juu, ili asilowe. Nilisikia gogo likivunjika, kisha kishindo, na nilipogeuka sikumwona mtu, niliuona mwavuli tu unaelea kuteremka.

Alikuwa amekaa ndani ya maji, yanamfika kiunoni, mguu wa kulia umebanwa kati ya majabali mawili. Uso wake ulikuwa wa majivu. Nilijaribu kumvuta, akapiga ukelele ambao sikutegemea kuusikia kwa mtu yule. Nilijaribu kusukuma jabali dogo, ambalo halikuwa dogo hata kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda vibaya, na alikuwa anapumua kwa shida, amejishika mbavu. Simu hazikuwa na mtandao. Kumwacha nikashuke kutafuta watu kungechukua nusu siku.

Kisha nikaona maji yanabadilika rangi. Yalikuwa meupe, yakawa ya chai, na majani makavu yakaanza kupita kwa wingi. Huko juu mvua ilikuwa inanyesha. Kila atembeaye makorongoni anajua maana yake: kijito kinapanda, na mahali pembamba kama pale kinapanda haraka. Shemeji naye alijua. Aliyatazama majani yale, kisha akanitazama mimi.

Wakati huohuo nikasikia watu. Juu ya genge, kwenye mianzi, wanawake walikuwa wanaongea na kucheka, na panga lilikuwa linakata. Hawakuwa mbali. Sijawahi kufurahia sauti za watu namna ile. Nilisimama juu ya jiwe nikaita kwa nguvu zangu zote. Sauti yangu ni ya baba, sauti ya gwaride, inatoka tumboni na kufika upande wa pili wa uwanja.

"Nyie huko juu! Njooni hapa haraka! Njooni wote! Kuna mtu ameumia!"

Kicheko kilikatika. Panga likaacha kukata. Kisha nikasikia miguu inakimbia, mianzi inavunjika, na kikapu kimoja kikabingirika kutoka juu, kikatupa machipukizi yake majini mbele yangu. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyejibu. Palikuwa kimya, isipokuwa maji.

Nyuma yangu shemeji alikuwa anacheka. Alicheka akijishika mbavu, machozi yakimtoka kwa maumivu.

"Hongera, afande," alisema. "Wewe nafukuza watu."

"Nimewaita waje kusaidia!"

"Wewe naita na Swahili. Hapa msituni nani nasema Swahili?"

Ndipo nikaelewa. Malewa yale yanachumwa kwa kujificha. Askari wa msitu wakikukuta bila ruhusa wanachukua panga na mzigo na wewe mwenyewe. Na hao askari wanatoka kaskazini, wanatoka kila mahali, wanaongea na watu wa mlima kwa Kiswahili. Nilikuwa nimewapigia wale wanawake amri ya askari, kwa lugha ya askari, kwa koo la askari. Baba yangu mwenyewe asingewatimua vizuri zaidi.

"Ita wewe basi," nilimwambia. "Kwa Kigisu."

Alijaribu. Mbavu zilimkataa. Sauti iliyotoka ningeisikia mimi tu niliyekuwa karibu. Alijaribu tena akakohoa, akafumba macho. Maji yalikuwa yamevuka kiuno.

"Nifundishe," nikasema. "Nipe neno la kuomba msaada, mimi niliite."

"Hiyo askari walisha jifunza. Nyinyi naita saidia kwa Kigisu, mama wa watu nakuja, nakamatwa. Hawawezi kuja." Alifikiri kidogo. "Ngoja. Mimi nakupa ingine."

Akanipa sentensi. Haikuwa ndefu. Niliirudia, akatikisa kichwa. Nikairudia tena. Huwezi kuamini: mtu amevunjika mguu, maji yanamfika kifuani, na bado anamsahihisha mwanafunzi. "Hapana. Fungua mdomo. Tena." Damu ilinichemka, lakini nilifungua mdomo.

"Maana yake nini?" niliuliza.

"Ita tu."

Niliita. Niliita mpaka koo likawaka, nikielekea juu, nikielekea pande zote, sijui nasema nini. Maji yalipomfika mabegani niliacha jiwe langu nikaingia nyuma yake, nikampitisha mikono kwapani nikamwinua kadiri mguu wake ulivyoruhusu, kichwa chake kikalala kifuani kwangu. Niliendelea kuita juu ya sikio lake. Tulikaa hivyo. Nilimsikia moyo unavyodunda. Katika miaka yote ya ushemeji wetu hatukuwahi hata kushikana mikono vizuri.

"Wewe nanuka mafuta ya friji," alisema.

"Nikuachie?"

Vidole vyake vya mkono mzima vilikuwa vimeng'ang'ania shati langu. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba atafia mikononi mwangu na kwamba nitashuka peke yangu kwenda kumwambia dada yake, na kwamba hakuna mtu duniani atakayeamini kwamba nilimshikilia.

Walikuja ghafla, kutoka upande wa chini ambako sikutegemea. Wanaume na wanawake, miguu mitupu, mapanga mikononi. Walikuwa wanakuja kwa furaha. Sijui niiseme vipi vingine. Nyuso zao zilikuwa za watu wanaowahi arusi, na walipotuona tumekaa majini tumekumbatiana, furaha ile ikawatoka usoni. Mwanamke mmoja mzee alinisogelea, akachungulia nyuma yangu, akachungulia majini.

"Askari iko wapi?" aliuliza.

"Askari gani, mama?"

"Ile nakufa. Wewe nasema, askari naanguka kwa korongo, nakufa, njoo ona. Sisi nakuja kuona. Iko wapi?"

Niliinamisha kichwa nikamtazama shemeji. Alikuwa amefumba macho.

"Askari hawezi kuita hivyo," alisema polepole. "Uongo hiyo tu ndiyo hawawezi kusema."

Ningemwachia pale pale, Mungu anisamehe, kama si kwamba angezama. Nilikuwa nimesimama kwenye korongo lile nikitangaza kifo cha mtu aliyefanana na baba yangu, na ndicho kilichowaleta. Mwanaume mmoja alitema mate majini, akageuka kama anayetaka kuondoka. Shemeji akaanza kuongea nao kwa Kigisu, kwa sauti ya kunong'ona, wakainama kumsikiliza. Aliongea kwa muda, akivuta pumzi kila maneno mawili. Mara kadhaa alinielekeza kwa kidevu. Yule mama akauliza kitu, akajibiwa. Wakatazamana. Kisha wakafanya kazi.

Walikata mianzi minene, wakaisokomeza chini ya jabali, wakaikalia watu wanne kwa pamoja. Jabali likasogea. Nilitaka kutia bega langu, mwanaume mmoja akanisukuma kifuani, akasema, "Kaa kule." Nikakaa kule. Walimtoa akipiga kelele, wakamfunga mguu kwa vipande vya mianzi, wakatengeneza machela kwa kamba yangu ya katani bila kuniuliza. Muda mfupi baadaye, pale alipokuwa amekaa palikuwa na maji ya kufunika mtu mzima.

Nilikuwa najiandaa kuwafuata, ndipo yule mama alipoleta gunia. Lilikuwa na harufu ya moshi na unyevu wa malewa. Alilipanua kwa mikono miwili na kuliinua.

"Hii ya nini?"

"Kichwa," alisema.

Nilikataa. Mapanga hayakuinuliwa, yalitulia tu mikononi mwao, na hiyo ilitosha. Alinivisha gunia mpaka mabegani, mtu akanishika mkanda wa suruali, tukaanza kwenda.

Hatukurudi kwa njia tuliyojia. Hilo nililijua mara moja, kwa sababu tulipanda. Halafu tukateremka kwenye ngazi zilizochongwa katika jiwe, za zamani, zimelika katikati. Halafu tukaingia mahali pembamba kiasi kwamba viwiko vyangu vyote viwili viligusa ukuta, na ukuta ulikuwa laini wenye kuvu, ukitiririka maji. Hapo ndipo nilipoyasikia. Nimesikia maporomoko mengi. Haya hayakuwa yanaporomoka mbele yangu, yalikuwa yanaporomoka kunizunguka. Kifua kilitetemeka. Manyunyu ya maji yalinilowanisha mikono, na kupitia nyuzi za gunia niliona mwanga wa kijani, mwingi, na zaidi ya hapo sikuona kitu. Miaka yote nilikuwa nikitafuta mahali pale bila kujua natafuta nini. Nililia ndani ya gunia, kwa hasira tupu. Niliinua pembe moja kidogo, kidogo tu, na ubapa wa panga ukanipiga mkononi.

"Macho weka ndani," sauti ya mwanaume ilisema.

Gunia lilitolewa kwenye shamba la kahawa, jua likielekea kuzama. Barabara ilikuwa palepale, na kulikuwa na pikapu ya mnunuzi wa kahawa. Walimpakia shemeji, wakamuaga kwa majina ya heshima, mmoja mmoja. Mimi hawakuniaga. Nilipogeuka kutazama tumetoka wapi, niliona migomba tu.

Mguu wake ulifungwa plasta hospitalini Mbale, na mkono wake wa kulia pia. Mke wangu alikuja kutoka Budondo, akawa anapika uji asubuhi, na mimi naupeleka kabla ya kazi. Alinipa jukumu hilo kwa makusudi, nina hakika. Siku ya tatu ya kumlisha mtu ambaye hata hasemi asante, nilishindwa kujizuia.

"Ungewaambia tu mimi ni nani," nilimwambia. "Uliongea nao muda wote ule. Ungesema huyu si askari."

"Niliwaambia." Alimeza uji. "Nilisema huyu ni mume wa dada yangu, hana ubaya, amenishika kwenye maji."

"Basi gunia lilikuwa la nini?"

"Gunia nilisema mimi."

Nilirudisha kijiko bakulini.

"Wao walikuwa tayari kukupitisha hivihivi," alisema. "Mimi nikasema, hapana, huyu mfunikeni. Huyu anapenda kujua njia. Akiiona atarudi. Akirudi ataleta rafiki, na rafiki ataleta wengine, halafu wale mama watachuma wapi?" Alizungumza Kiswahili safi, cha shule, bila kuongea puani, Kiswahili ambacho sikujua kwamba anacho. "Ningekuwa naenda kufa ningesema vilevile."

Nilimchukia siku ile kuliko siku zote, na kibaya zaidi ni kwamba sikuweza kumwambia ni mwongo. Ningerudi. Ningerudi wiki ileile.

"Yale maporomoko," nikasema, "niambie tu yakoje. Ulikuwa umelala chali kwenye machela, uliyaona yote. Yakoje?"

Shemeji alitazama ukuta wa wodi.

"Maporomoko gani?" alisema, kisha akafungua mdomo kungoja uji. Nikachota kijiko kingine, nikampa.